Seliaki Haichagui Rangi: Kweli na Uongo Kuhusu Ugonjwa Unaochochewa na Ngano

Kuna ugonjwa ambao mgonjwa mweusi huko Marekani anaweza kuishi nao miaka na miaka, akitibiwa upungufu wa damu leo, gesi kesho na vidonda vya tumbo keshokutwa, bila mtu yeyote kuutaja. Unaitwa seliaki. Mwenye seliaki akila ngano, shayiri au rai, protini ya gluteni iliyomo kwenye nafaka hizo huichochea kinga ya mwili wake iushambulie utumbo mwembamba. Vijinyweleo vya utumbo vinavyofyonza virutubishi humomonyoka, na chakula kikapita bila kuunufaisha mwili. Hakuna kidonge cha kuuponya. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote, na wengi wakiacha kweli, utumbo hurudi kupona.

Kipimo cha kwanza ni cha damu tu, na tiba iko jikoni. Ugonjwa wa namna hii haukupaswa kumpita mtu kwa sababu ya rangi ya ngozi yake, lugha yake au bima yake. Lakini unawapita wengi. Sehemu ya lawama iko kwenye imani zilizozoeleka, kwa wagonjwa na kwa wanaowatibu. Tuzipime moja moja.

Dai la 1: "Seliaki ni ugonjwa wa Wazungu."

SI KWELI.

Dai hili lina historia yake. Maelezo ya kwanza ya kitabibu ya zama hizi yalitolewa London na daktari Samuel Gee mwaka 1888. Aliyeonyesha kwamba ngano ndiyo inayowadhuru wagonjwa ni Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, aliyeandika tasnifu yake mwaka 1950 baada ya kufuatilia kwa miaka mingi watoto waliopata nafuu walipoondolewa ngano. Watoto waliochunguzwa walikuwa wa Ulaya, picha vitabuni zikawa za watoto wa Ulaya, na kizazi baada ya kizazi cha madaktari kikafundishwa kumtafuta mgonjwa wa sura hiyo.

Vipimo vya damu vilipoenea, mambo yalionekana tofauti. Mwaka 1999 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa Carlo Catassi na wenzake kuhusu watoto wa Kisaharawi, Waafrika wanaoishi katika kambi za wakimbizi karibu na Tindouf, Algeria. Kati ya watoto 990 waliopimwa, asilimia 5.6 walikuwa na kingamwili za seliaki. Ulaya kiwango huwa karibu asilimia 1. Wasaharawi ni watu wa jangwani ambao chakula chao cha jadi kilikuwa maziwa ya ngamia, nyama na tende. Ngano ilikuja kuwa chakula cha kila siku kupitia ukoloni na baadaye mgao wa misaada.

India nayo inatoa somo lake. Kaskazini, ambako watu hula ngano kutwa mara tatu, takribani mtu 1 kati ya 100 ana seliaki, sawa na Ulaya. Kusini, ambako chakula kikuu ni wali, kiwango ni cha chini zaidi sana. Nchi ni moja, na kwenye fomu ya hospitali ya Marekani wote wataandikwa "Mwasia". Mapitio ya tafiti za dunia yaliyochapishwa mwaka 2018 yalikadiria wagonjwa waliothibitishwa kuwa asilimia 0.8 Ulaya, 0.6 Asia, na 0.5 Afrika sawa na Amerika Kaskazini, ingawa takwimu za Afrika hutoka zaidi kaskazini mwa bara. Kinachohitajika ili ugonjwa utokee ni jeni fulani pamoja na gluteni mezani. Rangi haimo.

Dai la 2: "Weusi wachache wana seliaki kwa sababu tu hawapimwi."

KWELI NUSU.

Anayetaka haki lazima aseme ukweli wote. Karibu kila mgonjwa wa seliaki ana jeni ya aina ya DQ2 au DQ8. Kati ya watu wenye asili ya Ulaya, asilimia 30 hadi 40 wanazo, ingawa wachache tu kati yao huugua. Katika sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara jeni hizo ni adimu zaidi. Kwa hiyo tofauti ya kweli ipo.

Ushahidi mzuri unatoka kwenye uchunguzi wa afya wa kitaifa wa Marekani, ambao huchukua damu ya watu kutoka nchi nzima bila kungoja daktari aamue nani wa kupimwa. Takwimu za miaka ya 2009 hadi 2012 zilionyesha seliaki kwa takribani asilimia 1 ya Wamarekani weupe, asilimia 0.3 ya Walatino na asilimia 0.2 ya weusi.

Asilimia 0.2 inasikika kama si kitu. Sensa ya Marekani ya 2020 ilihesabu weusi wapatao milioni 41. Piga hesabu: ni zaidi ya watu 80,000. Na katika awamu ya 2009 na 2010 ya uchunguzi huohuo, walipatikana watu 35 wenye seliaki, na 29 kati yao hawakuwa wakijua. Hao ni wa rangi zote. Ikiwa hata ugonjwa unaosemwa ni wa Wazungu unawapita Wazungu wenyewe kiasi hicho, mtu ambaye daktari wake hamdhanii kabisa ana nafasi gani?

Wastani wa kundi hausemi lolote kuhusu mgonjwa aliyeketi mbele ya daktari. Nafasi ya kuugua ikiwa ndogo, bado haimwondoi mtu kwenye orodha ya wanaostahili kupimwa.

Dai la 3: "Asiyeharisha wala kukonda hawezi kuwa na seliaki."

SI KWELI.

Mtoto aliyekonda, mwenye tumbo kubwa na kuhara kusikokoma, ndiye mgonjwa wa vitabuni. Watu wazima wengi hawafanani naye. Wengine huja na upungufu wa damu usiokubali vidonge vya madini ya chuma, kwa sababu chuma hufyonzwa mwanzoni mwa utumbo mwembamba, palepale seliaki inapoharibu zaidi. Wengine huja na mifupa dhaifu, mimba zinazotoka, ugumba, uchovu, ganzi ya miguu, vidonda vya mdomoni visivyoisha, au kufunga choo badala ya kuhara. Wapo walionenepa kupita kiasi.

Hapa pengo linapanuka. Mwanamke mweusi anapokuja na damu pungufu, maelezo ya haraka yapo tayari: hedhi nzito, au uvimbe kwenye kizazi, ambao kweli huwapata sana wanawake weusi. Anapewa vidonge vya chuma, na safari inaishia hapo. Lakini mtu mmoja anaweza kuwa na uvimbe kwenye kizazi na seliaki pia. Kama damu haipandi baada ya miezi kadhaa ya dawa zinazomezwa sawasawa, jibu la kwanza halikutosha.

Mwongozo wa mwaka 2020 wa chama cha Marekani cha madaktari wa mfumo wa chakula unashauri wagonjwa wenye upungufu wa damu wa madini ya chuma wapimwe damu kwa ajili ya seliaki. Madaktari wa Uingereza wana mwongozo wa namna hiyo. Rangi haikutajwa kama kigezo. Kanuni kama hizi zikifuatwa kwa kila mgonjwa, dhana ya daktari haipati mahali pa kuingilia.

Ngozi nayo ina habari yake. Baadhi ya wagonjwa hutokwa na vipele vyenye maji vinavyowasha vibaya kwenye viwiko, magoti na makalio. Vitabu huonyesha wekundu juu ya ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani hivyo. Kinachoonekana ni michubuko ya kujikuna na mabaka meusi, na mgonjwa huondoka na dawa ya fangasi au upele. Kinachothibitisha ni kipande kidogo cha ngozi kinachochukuliwa pembeni mwa kipele na kupimwa maabara.

Dai la 4: "Nimeshamulikwa tumbo kwa kamera, wangekuta kitu wangeniambia."

SI KWELI.

Tazama kinachofanyika kwenye chumba cha endoskopi. Mgonjwa amelala kwa ubavu wa kushoto, koo limepuliziwa dawa ya ganzi. Kamera inashuka kwenye umio, inapita tumboni, inafika mwanzo wa utumbo mwembamba. Kwenye skrini ukuta wa utumbo ni wa waridi, umelowa, umekaa vizuri. Katika seliaki unaweza kuonekana hivyohivyo, maana uharibifu mara nyingi hauonekani kwa macho. Ili kujua, daktari lazima apitishe kikoleo chembamba ndani ya bomba la kamera na kunyofoa vipande vidogo vya nyama, angalau 4 kwa mujibu wa miongozo, vipelekwe chini ya hadubini. Ni kazi ya dakika chache, na mgonjwa hahisi kunyofolewa.

Je, kikoleo hicho hupitishwa kwa kila anayestahili? Watafiti wa Marekani walichapisha jibu mwaka 2012. Walikagua kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 13,000 walioingizwa kamera kwa dalili zinazoweza kuwa za seliaki, kama upungufu wa damu, kuhara na kupungua uzito. Kwa ujumla, chini ya nusu yao walichukuliwa vipande. Kwa wagonjwa weupe ilikuwa 44 kati ya 100. Kwa weusi ilikuwa 28 kati ya 100. Tofauti hiyo ilibaki hata baada ya kuzingatia umri na jinsia.

Soma takwimu hiyo mara ya pili. Watu hawa hawakukosa hospitali. Walikuwa wamefika, wamefunga kula usiku kucha, wamelala kitandani, kamera imeshaingia. Kilichobaki ni uamuzi wa mtu aliyeshika kifaa. Hapo ndipo rangi ilipofanya kazi yake, na huenda daktari mwenyewe hakujua.

Kwa hiyo, kabla ya kipimo uliza: "Mtachukua vipande vya utumbo mwembamba kuangalia seliaki?" Baada ya kipimo, omba ripoti ya maandishi uone kama vilichukuliwa na vingapi.

Dai la 5: "Acha ngano kwanza, ukipata nafuu, basi una seliaki."

SI KWELI, na ni ushauri unaochelewesha.

Kipimo cha damu hutafuta kingamwili zinazotengenezwa mtu anapokula gluteni. Ukiacha ngano, kingamwili hushuka, utumbo huanza kupona, na kipimo kinaweza kusema huna kitu ilhali unacho. Miongozo ya Uingereza humtaka mtu awe anakula gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kwa siku, kwa wiki 6 kabla ya kupimwa. Nafuu peke yake haithibitishi chochote, kwa sababu kuna matatizo mengine ya tumbo yanayotulia mtu akipunguza ngano.

Uchunguzi wa kitaifa wa Marekani umeonyesha kwamba weusi wanaokwepa gluteni bila kuambiwa na daktari kuwa wana seliaki si wachache kuliko weupe. Maana yake ni kwamba watu wanasumbuka, wanajitafutia nafuu wenyewe, na njia ya kipimo haijawafikia.

Kipimo cha kuomba huitwa tTG-IgA, kifanyike pamoja na kile cha kiasi cha kingamwili ya IgA mwilini, kwa sababu asilimia 2 au 3 ya wenye seliaki wana upungufu wa IgA na kipimo cha kwanza kinaweza kuwaruka. Kwa mtoto mwenye kingamwili za juu sana, miongozo ya Ulaya inaruhusu kuthibitisha ugonjwa bila kamera. Aliyekwisha kuacha ngano anaweza kupimwa jeni: asipokuwa na DQ2 wala DQ8, seliaki karibu inaondolewa kabisa.

Dai la 6: "Vyakula vyetu vya asili havina gluteni, kwa hiyo Mwafrika hana la kuhofia."

KWELI NUSU.

Mahindi, mtama, ulezi, uwele, mchele, muhogo, viazi, magimbi, ndizi, maharage: vyote havina gluteni. Mgonjwa wa seliaki anaweza kula ugali kwa samaki na mboga maisha yake yote bila kununua kitu cha bei ghali. Hii ni neema ambayo wataalamu wa lishe ughaibuni mara nyingi hawaijui.

Lakini angalia meza ya leo, Dar es Salaam, Mombasa au Minneapolis. Asubuhi ni chai na chapati, maandazi au mkate. Mchana sambusa. Harusini kaimati, keki, na tambi za ngano. Kitumbua cha mchele ni salama mpaka mpishi atie kijiko cha unga wa ngano ili kishikane, au akikaange kwenye mafuta yaliyotoka kukaanga maandazi. Unga wa uji wa lishe mara nyingi huchanganywa na ngano. Unga wa mtama husagwa kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano sasa hivi, na masalia hubaki humo. Viungo vya mchuzi vya pakiti navyo vinaweza kuwa na unga wa ngano, na sosi ya soya kwa kawaida ina ngano.

Kwa mwenye seliaki, kiasi kidogo kinatosha kudhuru. Kipimo cha kimataifa, ambacho Marekani ilikipitisha mwaka 2013, kinataka chakula kilichoandikwa "bila gluteni" kiwe na chini ya miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Sheria ya Marekani inalazimisha ngano itajwe kwenye vifungashio, lakini si shayiri, hivyo soma orodha yote ya viambato.

Dai la 7: "Kula bila gluteni ni anasa za matajiri."

SI KWELI kwa mgonjwa. Kwake ni dawa. Ila bei yake inaumiza kweli.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019 ulikuta bidhaa zisizo na gluteni, yaani mkate, biskuti, tambi na jamaa zake, zikiuzwa kwa bei iliyozidi ya zile za ngano kwa asilimia 183. Msaada wa chakula wa serikali hauongezwi kwa sababu mtu ana seliaki. Bima ya wazee ya Medicare humlipia mgonjwa wa kisukari au wa figo kumwona mtaalamu wa lishe. Seliaki haimo kwenye orodha hiyo. Italia imechagua njia nyingine: serikali huwapa wagonjwa mchango wa kila mwezi wa kununulia chakula.

Tena kuna gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Mgonjwa wa Kikongo au Msomali aliyehamia Marekani hupewa karatasi ya lishe yenye mikate maalumu na nafaka za boksi, bila ugali, bila muhogo, bila anjera ya mtama. Uingereza, utafiti uliolinganisha wagonjwa wenye asili ya Asia Kusini na weupe ulikuta Waasia wakihudhuria kidogo zaidi kliniki za lishe na wakiridhika kidogo zaidi na maelezo waliyopewa. Kabla ya kumlaumu mgonjwa kwamba hafuati masharti, tuulize kama masharti yaliandikwa kwa kumfikiria.

Dai la 8: "Ukishagundulika, kazi imekwisha."

SI KWELI.

Kazi ndiyo inaanza. Mgonjwa anahitaji kurudiwa vipimo vya damu kuona kama kingamwili zinashuka, kuangaliwa chuma, folati, vitamini D na B12, kupimwa mifupa, na kufundishwa chakula na mtu anayekijua. Seliaki isiyodhibitiwa inaweza kuleta mifupa inayovunjika ovyo, na kwa nadra saratani ya limfu ya utumbo. Ndugu wa damu wa karibu, yaani wazazi, watoto na ndugu wa kuzaliwa nao, nao wapimwe, kwa sababu karibu mmoja kati ya kumi huwa nayo. Mgonjwa mmoja akigundulika katika ukoo, mara nyingi kuna mwingine anayeteseka kimya.

Lugha isiwe kizuizi. Marekani, Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 na sheria ya bima ya afya ya 2010 zinaitaka hospitali inayopokea fedha za serikali kuu impe mgonjwa mkalimani bila malipo. Mtoto wa shule asigeuzwe mkalimani wa mama yake kwa daktari, na hospitali haipaswi kumtegemea kwa kazi hiyo.

Basi tufanyeje?

Tofauti ya jeni hatuwezi kuibadilisha. Tofauti ya 44 na 28 tunaweza, kwa sababu iliwekwa na mikono ya watu. Hospitali ziandike kanuni na kuzifuata: kila mwenye upungufu wa damu usio na sababu ya wazi apimwe seliaki, na kila kamera iliyoingia kwa dalili hizo itoke na vipande. Vyuo vionyeshe wanafunzi vipele vya seliaki kwenye ngozi nyeusi. Watafiti waende Nairobi, Kampala na Kinshasa, ambako minyoo, kifua kikuu cha tumbo na VVU navyo huharibu utumbo na kuweza kuchanganya majibu, ili tupate takwimu zetu wenyewe.

Na wewe msomaji, kama wewe au mtu wako ana damu isiyopanda, tumbo lisilotulia, mimba zinazotoka au mtoto asiyekua, na majibu mliyopewa hayajasaidia, usiache ngano bado. Nenda kwa daktari ukaseme: "Naomba nipimwe tTG-IgA pamoja na kiasi cha IgA." Akikuambia ugonjwa huo si wa watu wa rangi yako, mwombe aandike kwenye faili kwamba amekataa kukupima na kwa sababu gani. Kisha tafuta daktari mwingine.